Mzinga wa Mti: Khofu ya Adui katika Miji ya Kigoma na Ujiji



Wasomaji wetu wapenzi, katika sura fupi za Kurani Tukufu ambazo watoto wetu huzihifadhi mwanzo wa chuo imo Suratu Quraysh. Ndani yake Mwenyezi Mungu anawataka Makureshi wamwabudu Mola wa Nyumba ile, ambaye aliwalisha wasife njaa na akawapa amani wasiwe na khofu. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu maana ya sura hiyo. Kijana mmoja, ambaye umri wake hauzidi miaka kumi, alinyosha mkono akaniuliza: "Maalim, njaa naijua. Lakini mtu aliyeshiba, yumo nyumbani kwake na mlango ameufunga, khofu itamfanya nini?"

Swali lile lilininyamazisha kitambo. Kijana yule amezaliwa katika amani, alhamdulillahi, wala hajapata kusikia mlio wa bunduki. Lakini mji anaokaa umeijua khofu ya adui, tena si mara moja. Niliona si vema kumjibu kwa maneno mawili. Basi nikamjibu kwa siku kadhaa, na hayo niliyowaambia watoto ndiyo ninayoyaandika hapa, ili wazazi nao wayasome pamoja na watoto wao.

VITA VYAFIKA ZIWANI

Mwanzo wa mwaka 1914 Wadachi, ambao ndio waliokuwa wakiitawala Tanganyika wakati ule, walimaliza kuifikisha reli Kigoma kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Kabla ya hapo Ujiji ndio uliokuwa mji. Hapo palikuwa soko la chumvi, mawese, samaki na pembe za ndovu, na, Mwenyezi Mungu atusamehe, soko la watumwa pia. Ndipo alipokaa Mwinyi Kheri, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma ilikuwa bandari changa tu, na watu walidhani kwamba reli imeiletea biashara.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule vikaja vita. Sababu zake zilikuwa Ulaya, lakini wenye kugombana walikuwa wamekwisha igawana nchi yetu. Wadachi walikuwa upande huu wa mashariki, Wabelgiji walishika Kongo upande wa magharibi, na Waingereza walikuwa kusini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ziwa Tanganyika, ambalo upana wake ni kama kilomita 50, na ambalo babu zetu walilivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa na kuoza, ghafla likawa mpaka wa maadui.

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wadachi iitwayo Hedwig von Wissmann ilivuka ikaishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Tangu siku hiyo Wadachi wakawa ndio wenye ziwa. Kisha walileta meli iliyo kubwa zaidi, Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, na hapa ndipo ilipoungwa upya. Iliingizwa majini Februari 1915, na Juni ikaanza kazi. Mzinga mmoja mkubwa wa manowari Königsberg, ile iliyoangamia mtoni Rufiji Julai 1915, uliletwa ukafungwa juu yake. Hapakuwa na chombo katika ziwa zima ambacho kingeweza kusimama mbele ya mzinga ule.

Waingereza nao walifanya jambo ambalo mtu asiyejua angelidhani ni ngano. Walileta mashua mbili ndogo za mota, Mimi na Toutou. Zilipakiwa Uingereza katikati ya mwaka 1915, zikashushwa Cape Town, zikachukuliwa kwa reli hadi Kongo, kisha zikavutwa kwa ng'ombe na mitambo ya mvuke kuipita milima ya Mitumba. Maelfu ya watu wa Kongo walifyeka misitu na kutengeneza madaraja ili zipite. Mwezi wa Oktoba zilifika kando ya ziwa, ng'ambo ya pili. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata Kingani, meli ndogo ya Wadachi.

Hapa, wasomaji, pana jambo la kuzingatia. Kingani ilitoka isirudi, na Wadachi wa Kigoma hawakujua imepatwa na nini. Waliituma Hedwig von Wissmann kwenda kutafuta khabari, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Ikiwa wenye meli na bunduki hawakuwa na khabari, itakuwaje hali ya mama auzaye dagaa sokoni Ujiji? Yeye aliona meli ikiondoka, akaona hairudi. Penye kukosekana khabari, uvumi huketi katika kiti chake.

ALIYONIHADITHIA MAALIM WANGU

Maalim aliyenisomesha Kurani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa miaka kumi na moja hivi mwaka 1916. Alipokuwa mzee sana alipenda kutuhadithia siku zile, nasi tukiwa tumeketi mkekani na mbao zetu za kusomea.

Alisema kwamba kila jioni barazani palikuwa na maneno mapya. Mmoja alisema Wabelgiji wameonekana Bangwe. Mwingine alisema wameshuka kwa maelfu katika mdomo wa Malagarasi. Uvumi ulioenea kuliko wote ulikuwa kwamba askari weusi wa Kongo hula watu, na kwamba wakiingia Ujiji hawatamsaza mtoto. Maalim alikuwa akicheka alipofika hapo, kisha huacha kucheka. "Angalieni ujinga wetu," alisema. "Watu wengi wa Ujiji asili yao ni Umanyema. Wajomba zetu na shangazi zetu wako ng'ambo. Tulikuwa tukiwaogopa ndugu zetu wenyewe, tukiambiana kwamba wanakula watu, na hapana aliyejiuliza kama babu yake alikuwa akila watu."

Kisha zikaja ndege. Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za kutua majini, nazo zikapelekwa ng'ambo zikawekwa katika kiziwa kimoja karibu na Lukuga. Katika miezi ya Juni na Julai 1916 ziliruka juu ya ziwa kuja kuangusha mabomu Kigoma, zikiitafuta meli kubwa bandarini. Tukumbuke kwamba watu wengi wa pwani hii walikuwa hawajaona hata motokaa. Maalim alisema siku ya kwanza walisikia mvumo kutoka ziwani, wakadhani ni upepo mkali unakuja, na wanawake wakakimbia kuanua dagaa waliowaanika. Mvumo ulipokaribia watu walitoka nje kuangalia juu badala ya kuingia ndani. Hapana aliyejua kwamba kitu kirukacho angani kinaweza kumdhuru mtu. Waliposikia kishindo kutoka upande wa Kigoma, ndipo mji ulipokimbia.

Hapo alitueleza khabari za mama yake, na hizi ndizo nilizotaka kuwafikishia. Alisema majirani walikimbia kila mtu na njia yake. Mmoja alibeba godoro akamwacha mkwewe mzee ndani. Lakini mama yake alisimama mlangoni akawaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina, akawahesabu, wakatimia watano. Akampa mkubwa mtungi wa maji, wa pili unga, wa tatu mkeka, na mdogo akambeba mgongoni. Maalim yeye akaambiwa: "Wewe chukua ubao wako." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayewapeleka shamba kuvuna: "Haya, twendeni." Wakaenda shambani kwao penye michikichi, wakalala huko siku tatu. Usiku aliwasomesha sura alizozijua, na alizijua chache tu. "Sikuogopa," Maalim alisema, "kwa sababu mama hakuogopa. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza. Akaniambia kwamba aliogopa mpaka magoti yakamtetemeka, lakini alikuwa amevaa kanga mbili, nasi hatukuyaona."

MIZINGA YA MTI

Sasa nitawaambia jambo ambalo Maalim wangu hakulijua, wala mama yake, wala wale waliolala misituni. Wakati ndege zilipokuwa zikija Kigoma, ule mzinga mkubwa wa Götzen haukuwamo tena. Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wadachi, alikuwa ameamuru ung'olewe ukasaidie vita vya nchi kavu, na mahali pake Wadachi wakaweka mzinga wa mti uliochongwa ufanane na wa kweli. Kwetu Kigoma mzinga wa mti ni wa kufugia nyuki. Lakini maadui wa ng'ambo waliuona kwa mbali wakauhesabu kuwa ni mauti.

Mfano wake ulikuwa kusini mwa ziwa, Kasanga, mahali ambapo Wadachi walipaita Bismarckburg. Mwezi wa Juni 1916 Kamanda Spicer-Simson, mkuu wa zile mashua za Waingereza, alifika mbele ya ngome, akaiona mizinga imeelekezwa ziwani, akarudi nyuma asipigane. Wadachi wakapata nafasi ya kutoroka kwa majahazi. Ngome ilipoingiliwa, mizinga ile ikaonekana kuwa ni miti mitupu.

Basi tazameni mambo haya, enyi vijana. Watu wa Ujiji walikimbia wala watu wasiokuwapo, na afisa wa jeshi kubwa la majini alirudishwa nyuma na magogo. Khofu haina mkubwa wala mdogo, na anayedhani kwamba elimu au cheo kitamkinga nayo amejidanganya.

Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi waliizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta isile kutu, wakitumaini kuja kuichukua tena. Tarehe 28 Wabelgiji wakaingia Kigoma. Mwezi wa Septemba wakauchukua mji wa Tabora, na Kigoma ikabaki mikononi mwao hadi mwaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza.

Lakini asinielewe mtu vibaya akadhani nasema kwamba vita vile havikuwa na la kuogopwa. Lilikuwapo, nalo lilikuja bila mvumo angani. Majeshi yote, ya Wadachi, ya Wabelgiji na ya Waingereza, yalichukua chakula cha watu na kuwakamata wanaume wawe wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa njiani kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, sehemu ya Dar es Salaam ijulikanayo na kila mtu, ni ukumbusho wa jeshi la wapagazi la Waingereza lililopiga kambi pale. Baada ya hapo yalikuja maradhi ya mafua makubwa ya mwaka 1918. Watu waliokuwa wakitazama juu kutafuta ndege hawakuona ghala zao zikiisha. Hiyo ni hasara ya pili ya khofu, kwamba humgeuza mtu uso akauangalia mzinga wa mti, na shari ya kweli ikamjia kwa nyuma.

TAA ZA WAVUVI MWAKA 1978

Mimi fakiri nilikuwa na umri wa miaka minane majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba ilitangazwa Kampala kwamba sehemu ile ya nchi yetu imekuwa ya Uganda, na mara Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Bukoba ilikuwa imekwisha kushambuliwa kwa ndege, na watu wengi walihama makwao.

Kigoma iko mbali na Kagera, lakini khofu haipandi gari. Baba alikuwa na redio moja, na majirani walijaa uani kwetu kila saa ya taarifa ya khabari. Usiku mama alikifunika kibatari kwa kopo lililotobolewa, tukala gizani. Kilichotutisha sisi watoto zaidi ni taa za wavuvi. Mtu anayelijua ziwa letu anajua jinsi usiku wa giza karabai za wavuvi wa dagaa zinavyometa majini kwa mamia, utadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Kijana mmoja mkubwa alituambia kwamba rubani wa Amin ataziona taa zile, atadhani ni Kigoma, atupe mabomu. Kaka yangu alikuwa mvuvi. Kila usiku alipotoka nililia chini ya shuka hadi usingizi ukanichukua, na wala sikumwambia mtu. Hapana mtu mzima aliyeniuliza nina nini.

Ndege zilipiga Mwanza, wala si Kigoma. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliukosa mji wa Mwanza ikapiga kisiwa cha Saanane, mahali pa kufugia wanyama pori, ikaua swala. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Kaka yangu hakupatwa na kitu. Lakini nimekuwa mtu mzima, nimeoa na kuzaa, na hata leo nikiziona taa za dagaa moyo wangu hushtuka kidogo kabla sijakumbuka. Ndiyo maana nawasihi wazazi kwamba mtoto anayenyamaza msidhani hasikii. Redio ikisema mambo ya vita, au wakubwa wakizungumza barazani, yeye yupo, anasikia, na usiku atayamaliza peke yake.

MLANGO NILIOUFUNGA

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini mwalimu anayeficha kosa lake hawezi kumfunza mtoto ukweli.

Mwaka 1996 vita viliwaka Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Uvira ilianguka mwezi wa Oktoba, na watu wa Uvira, Baraka na Fizi wakaanza kuvuka ziwa kwa mashua na mitumbwi kuja kwetu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimeanza kusomesha, na watoto saba walikuwa wakilala chuoni. Usiku mmoja wa mvua ulizuka ukelele kwamba watu wenye silaha wameshuka mwaloni, wanakuja wakichinja. Hapana aliyesema nani amewaona. Nilitia komeo, nikakokota mabenchi nikayapanga mlangoni, nikazima taa, nikawaambia watoto wasipumue kwa sauti.

Kitambo kidogo pakawa na hodi. Sauti ya mwanamke ilisema kwa Kiswahili cha ng'ambo: "Baba, mufungule, tuko na batoto." Akarudia mara tatu. Nilisikia mtoto akikohoa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniangalia katika giza, nikajua ananiangalia ingawa sikumwona. Sikufungua. Nilijiambia kwamba huo ni mtego, na kwamba nina amana ya watoto wa watu. Baada ya muda nyayo zikaondoka.

Asubuhi mvua ilipokatika nilitoka nikaona barazani alama za miguu midogo katika tope, na kitambaa cha mtoto kimelowa. Mtaa wa pili palikuwa na bibi mmoja mjane, chumba chake kimoja na uwanja. Yeye alikuwa amefungua. Nilikuta watu kumi na mmoja wamelala kwake, wanawake na watoto watupu, naye anapika uji katika sufuria ya kuazima. Hapakuwa na silaha yoyote ila kisu chake cha kukatia mboga. Mtoto mmoja alikuwa na homa ya baridi, na namshukuru Mwenyezi Mungu alipona. Niliichukua kofia yangu mkononi nikamwomba yule mama radhi. Akanijibu: "Maalim, hata siye tuliogopa kupiga hodi."

Tangu siku hiyo neno hilo halijanitoka. Upande wangu wa mlango palikuwa na khofu, na upande wake palikuwa na khofu, na katikati palikuwa na ubao wa mti.

MAFUNDISHO YA MADINA

Ndugu zangu, dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, amesimulia kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kishindo. Wakatoka kwenda upande wa sauti. Njiani wakakutana na Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, anarudi, kwani alikuwa amekwisha watangulia. Alikuwa juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, na upanga shingoni, naye akawatuliza wasiogope.

Katika kisa hiki mna mambo matatu. La kwanza, Mtume hakudharau kishindo. Hakusema ni uzushi akalala, bali alikwenda na upanga wake. La pili, alikwenda mwenyewe hadi mahali penyewe ndipo akasema. Maneno yake ya kutuliza yalikuwa ni khabari ya mtu aliyeona kwa macho. La tatu, alirudi kuwaambia watu. Mtu aliyejua kwamba hapana khatari akakaa kimya amewaacha wenzake gizani.

Tena katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, na hali kama wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wenye uwezo wa kulipeleleza wangelijua ukweli wake. Amri hii inatuhusu leo kuliko zamani. Mwaka 1916 uvumi ulitembea kwa miguu kutoka Bangwe mpaka Ujiji. Mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, simu za watu wa mji wetu zilijaa sauti na picha ambazo hapana aliyejua zimetoka wapi wala zimepigwa lini. Mtu alizipokea, akashtuka, na kabla mshtuko haujamtoka akazipeleka kwa watu mia. Yule wa mwaka 1916 angalau alichoka njiani.

Basi nawausia wazazi mambo machache, nami najiusia nafsi yangu kwanza. Khabari ya khofu ikifika nyumbani, iulizwe: nani ameona, wapi, na lini? Isipojibiwa, isitoke mlangoni. Watoto wahesabiwe na wapewe kila mmoja kazi yake, kwani mwenye kazi mkononi khofu yake hupungua. Waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, na anayenyamaza aulizwe. Ghala na dawa ziangaliwe kabla ya anga. Na mgeni anayebisha hodi, tahadhari na ichukuliwe, taa iwashwe, jirani aitwe, mlango ufunguliwe na watu wawili au watatu badala ya mmoja, lakini ufunguliwe. Ningemwita jirani yangu usiku ule ningepata dhambi iliyo ndogo zaidi.

MELI ILIYOZAMISHWA

Namalizia na ile meli. Wabelgiji waliiinua Götzen kutoka majini, ikazama tena katika bandari ya Kigoma mwaka 1920. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, mitambo yake ikaonekana bado mizima kwa yale mafuta, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari mpya kwa jina la Liemba. Wengi wetu tumeipanda. Mwaka 1997, vita vya Kongo vilipopoa, Liemba ilikodiwa na Umoja wa Mataifa ikawarudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000. Bila shaka yule mama wa usiku wa mvua alikuwa miongoni mwa waliovuka hivyo au kwa njia nyingine, kwani hatukumwona tena. Na mwezi wa Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya watu wa Burundi walipokwama katika ufuko mwembamba wa Kagunga na kipindupindu kikaanza kuwaua, Liemba ilikwenda ikirudi ikiwaleta Kigoma, watu kama 600 kwa safari moja.

Chombo kilichoundwa upya hapa kwetu kikafungwa mzinga wa kuwatisha watu wa ng'ambo, ndicho kilichowabeba wajukuu wao wakiwa wamelala juu ya sitaha yake. Mwenyezi Mungu hufanya apendavyo.

Yule kijana aliyeniuliza alisikiliza yote hayo. Nilipokwisha nikamwuliza mimi: "Sasa nijibu wewe. Mtu aliyeshiba, yumo nyumbani kwake, mlango ameufunga, khofu itamfanya nini?" Akafikiri, akasema: "Itamzuia asiufungue." Nikamwambia amepata.

Ee Mola wetu, tulishe tusione njaa, na utupe amani tusione khofu. Na ukitujaribu kwa khofu, usiifanye ituondolee huruma. Amin.